Kiti Nje ya Mlango

Jina lake kamili liliandikwa mahali pawili tu: kwenye rejista ya shule ya msingi na kwenye cheti cha ndoa. Kwingine kote alikuwa Bi Viti, binti Fremu-Hailii, mjukuu wa Mpasua-Mbao. Babu alipasua mbao za nusu ya nyumba za mji ule kwa msumeno wa kuvutana. Baba akazichukua mbao hizo akazifanya viti, na akaapa kwamba kiti chake hakitalia hata kikaliwe na nani; jina lake likatoka hapo. Bi Viti yeye alisuka vikalio kwa henzerani, zile tepe zinazochanwa kutoka mmea mtambaazi kama mwanzi, na hakuna mwenye heshima zake mjini ambaye hakuwahi kukalia kazi ya mikono yake. Hakimu alikalia, daktari alikalia, maharusi walikalia, na waliokuja kulia misibani walikalia. Alipenda kusema, "Watu wanajuana kwa nyuso. Mimi nawajua kwa upande wa pili."

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Baba yao aliwafundisha mabinti zake wawili kusuka kwa mtindo wake: fremu inasimamishwa juu ya benchi, wima kama dirisha, mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma. Wa mbele anapitisha utepe wa henzerani, uliolowekwa kwenye beseni mpaka ukalegea, na kusema, "Pokea." Wa nyuma anauvuta, anasema, "Nimepata," anaurudisha kwa tundu linalofuata. Wa mbele ndiye mwenye kuangalia uso wa kazi, macho ya henzerani, yaani vile vitundu vya msuko, yakae sawasawa. Wa nyuma ndiye mwenye kufunga mafundo, kwa kuwa fundo halitakiwi kuonekana mbele.

Bi Viti alikaa mbele kwa sababu ni mkubwa. Nyuma alikaa mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mziwanda hata alipojaa mvi. Kazi ikianza wanaonana uso kwa uso kupitia fremu tupu, wanasemana na kuchekana. Kadiri kikalio kinavyojaa ndivyo wanavyopotezana, mpaka mwisho inabaki sauti tu kutoka upande wa pili, na ncha ya utepe ikichungulia tunduni kama ulimi wa mjusi.

Watu walisifu uso. Hakuna aliyewahi kukipindua kiti akasifu mafundo.

Bi Viti alisoma mpaka darasa la mwisho la shule ya msingi, na hakuona haya kulisema, maana alichokisoma alikishika. Kanisani alipewa watoto wa shule ya Jumapili, na huko akabuni jambo lake mwenyewe. Aliliita Safari ya Viti. Mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa, viti vinapangwa ukumbini kuanzia ukutani hadi mlangoni, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la mahali alipopita Yesu. Watoto wanapita kimoja baada ya kingine. Bethlehemu wanakaa wamebanana, kwa kuwa nyumba ya wageni imejaa. Misri wananong'ona, Herode asisikie. Yordani wanapandisha nguo magotini. Samaria wanaomba maji na wanapewa kweli, kikombe kimoja kinazunguka. Tiro na Sidoni mwalimu anawaambia, "Hapa alitoka nje ya kwao kidogo, akarudi." Yerusalemu hakuna anayekaa; wanasimama, kimya. Emau wanapata kipande cha mkate. Kiti cha mwisho, karibu na mlango, ni Mlima wa Mizeituni. Kila mtoto anapanda juu yake, ananyoosha mikono, anaruka kama anayepaa.

Wa kuwadaka alikuwa Mziwanda. Aliwadaka watoto, akaja kuwadaka watoto wa watoto wale, na hakuna hata mmoja aliyeanguka.

Mziwanda mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume. Kijana alikwenda Amerika kutafuta maisha, akayapata kiasi chake, na kila wiki sauti yake ilitoka kwenye simu ikimtania mama yake: "Mama, huku viti vyote ni vya plastiki. Njoo uwaokoe." Halafu akaugua wakati wa theluji, akafa, akazikwa hukohuko na watu ambao mama yake hakuwajua. Habari zilikuja kwa simu ileile. Wiki hiyohiyo Mziwanda alikaa nyuma ya fremu na mafundo yake hayakulegea. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Bi Viti alipitisha utepe, akasema, "Pokea," akajibiwa, "Nimepata."

Wamisionari wa Kimormoni waliwafikia kwa sababu ya mvua. Siku hiyo kochi lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani likauke, na mvua ikaanza kunyesha bila kubisha hodi. Vijana wawili waliokuwa wakipita, mashati meupe na vibao vya majina kifuani, waliliinua kochi wakaliingiza ndani kabla hawajaulizwa. Wakapewa taulo. Mmoja akajitambulisha kuwa Mzee fulani, na mwenzake naye Mzee fulani.

"Wazee!" alisema Bi Viti, akiwatazama kidevuni. "Na ndevu mmeziacha wapi?"

Vijana wakacheka, wakaeleza kwamba ndiyo cheo chao. Bi Viti akarudi kwenye kazi yake. Mziwanda akawauliza wanahubiri nini. Walirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na mwaka ulipogeuka Mziwanda akabatizwa kwao.

Bi Viti alilipokea jambo hilo kama mtu anavyopokea bili ya maji: aliisoma, akaiweka mezani. Alisema tu, "Ubatizo ulikuwa nao. Kwa huu wa pili umelowa bure." Kilichomuudhi zaidi ni chai. Mziwanda aliacha chai.

"Chai imekukosea nini?"

"Haijanikosea, dada. Ni utaratibu wetu."

"Haya. Mimi nitakunywa yako na yangu. Dhambi ikihesabiwa, waniandikie kikombe kimoja."

Wakakubaliana kwamba dini haitaingia kwenye karakana, na kwenye Safari ya Viti Mziwanda atadaka watoto tu, mdomo wake utulie. Mchungaji, mtu wa makamo asiyependa kelele, hakupinga. Watoto walishamzoea.

Mwaka huo safari ilienda vizuri mpaka mlimani. Mtoto wa kwanza akapanda, akaruka, akadakwa. Wa pili pia. Wa tatu, binti wa fundi bomba, mwenye mdomo mwepesi kama baba yake, alipofika chini alitupa jicho nje ya mlango.

"Bibi, na kile kiti cha nje ni cha wapi?"

Kwenye ngazi, juani, kilisimama kiti. Kilikuwa fremu tupu kutoka karakana, hakina kikalio. Juu ya mgongo wake kilibandikwa karatasi kama zile nyingine, mwandiko wa Mziwanda: AMERIKA.

"Huko pia alifika," alisema Mziwanda, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwonyesha mtu njia ya sokoni. "Baada ya kupaa. Alishuka huko, akawabariki watoto wao, mmoja mmoja."

Watoto ni watoto. Kusikia kuna kiti kingine, walimiminika nje. Mmoja akajaribu kukikalia, akazama kwenye fremu mpaka kwapani, miguu juu. Wengine wakapiga kelele za furaha. Mzee wa kanisa, ambaye kwa sababu ya kutunza makufuli yote walimwita Funguo, alitoka ofisini akamkuta mtoto amenasa Amerika.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akimnasua. "Bi Viti, umemleta nani humu?"

Kikao kilifanyika alasiri hiyohiyo, watu wanne kwenye chumba cha ofisi chenye viti vya kazi yao wenyewe. Mchungaji alieleza taratibu, bila ukali. Sisi tunaamini, alisema, Yesu alipofufuka aliwatokea wanafunzi wake, akapaa, na hatuna habari nyingine ya yeye kutembea nchi za mbali kwa mwili wake. Injili ilifika kwa miguu ya mitume na ya waliowafuata. Yale maneno yake juu ya kondoo wa zizi jingine tunayafahamu kuwa ni juu ya mataifa, watu wasio Wayahudi, "yaani mimi na wewe, mama." Wamormoni wanasema kondoo hao ni watu wa bara la Amerika, na kwamba aliwaendea mwenyewe baada ya kufufuka, akawaonyesha makovu ya misumari. Wanacho kitabu chao kinachosema hivyo. "Sisi kitabu hicho hatukipokei. Wewe unakipokea, ni haki yako. Lakini usikifundishe humu."

"Nimekuelewa, mchungaji," alisema Mziwanda. "Nimevunja ahadi niliyompa dada yangu, na kwa hilo naomba radhi. Kwa kiti siombi."

Funguo hakutosheka. "Watoto wameshaona. Jumapili ijayo Bi Viti asimame mbele yao awaambie kwamba kile kiti ni uongo na aliyekiweka amedanganya. Mbele yao, wasikie. La sivyo, darasa lipewe mtu mwingine."

Mchungaji alimtazama Bi Viti. Bi Viti alitazama kikalio cha kiti cha mchungaji. Kilikuwa kimeanza kulegea pembeni.

Njiani kurudi, Mziwanda alisema neno moja tu. "Dada, ukiwaambia watoto sikubaliani nanyi, sawa. Ukiwaambia mimi mwongo, tafuta mtu mwingine wa kukaa nyuma ya fremu."

Bi Viti alijua hakuna mtu mwingine. Ufundi ule baba yao aliwapa wawili, na uliishia kwao.

Wiki hiyo walikuwa na kochi refu la kusuka, lile lililonusurika mvua, ambalo mwenyewe amelirudisha lisukwe upya. Fremu yake ilikuwa pana, nyuso zao zilionekana zote. Walifanya kazi siku ya kwanza bila neno zaidi ya pokea na nimepata. Siku ya pili waliacha hata hayo. Utepe ulipita, ukavutwa, ukarudi. Mmoja alivuta kwa hasira, mwingine akashikilia kwa kiburi, ukakatika katikati ya fremu. Vipande viwili vikaning'inia.

"Umevuta," alisema Bi Viti.

"Umeshikilia," alisema Mziwanda.

"Henzerani haina makosa. Loweka mwingine."

Mziwanda hakuinuka. "Dada, nikuulize. Kila Jumapili mnakiri kwamba alikufa, akashuka kuzimu kwa wafu. Mimi nimeikiri hiyo tangu sijaota meno. Mbona kuzimu hukuweka kiti?"

Bi Viti alijibu, "Watoto wangeogopa."

"Basi kuna mahali alipofika na wewe hukuweka kiti."

"Hilo ni jambo jingine. Kuzimu tumeambiwa. Amerika tumeambiwa na nani? Na vijana wawili wasio na ndevu."

"Na sisi tuliambiwa na nani? Na baba, na ndevu zake zilijaa vumbi la mbao."

Bi Viti akataka kucheka, akajizuia. Aliona asipojizuia atakuwa ameshindwa. Akauliza, na hili alikuwa hajawahi kuliuliza tangu kochi liingizwe ndani kwa sababu ya mvua, "Walikuambia nini wale vijana, mpaka ukatuacha?"

Mziwanda aliweka mikono magotini. Katika fremu ile tupu alionekana kama mtu aliyeketi dirishani.

"Waliniambia mambo mengi. Mengine sikuyaelewa, mengine sikuyajali. Halafu mmoja akasema, kwa kupita tu, Yesu alikanyaga nchi ile. Alishuka huko akatembea kwa miguu yake, akawashika watoto wao vichwani. Nikamwambia, rudia. Akarudia." Alikishika kipande cha utepe kilichoning'inia. "Dada, mwanangu amelala huko. Aliyemwosha simjui. Aliyemfukia simjui. Hata udongo wenyewe sijui una rangi gani. Ninyi mliniambia Mungu yuko kila mahali, na ni kweli, lakini kila mahali ni pakubwa mno. Hawa waliniambia alifika. Nikasema, basi mwanangu hakuzikwa ugenini."

Nje mtu alipita akiuza mitungi ya gesi, akigonga chuma kwa chuma. Alipotokomea, Bi Viti alisema, "Ungeniambia."

"Tulikubaliana dini isiingie karakana."

"Hiyo si dini. Huyo ni mtoto wetu."

"Kwangu ni kitu kimoja."

Bi Viti aliinuka, akaenda kwenye beseni, akatoa utepe mpya, akaukamua maji kwa vidole viwili. Akakaa. Akaupitisha.

"Pokea."

Mziwanda aliuvuta. "Nimepata."

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko kawaida, kwa kuwa habari ya mtoto aliyenasa Amerika ilishazunguka, na wazazi nao walitaka kuona mwisho wake. Mziwanda hakuwepo, siku hizo alisali kwao. Funguo alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Bi Viti alivaa gauni lake la kijivu. Alizungumza na watoto kama alivyozungumza nao siku zote, hakupandisha sauti.

"Wiki iliyopita mliona kiti nje. Kile si cha Safari yetu. Kanisa hili halifundishi kwamba Yesu alikwenda Amerika, na mimi mwalimu wenu siamini kwamba alikwenda. Viti vyetu vinaishia pale mlimani. Mmeelewa?"

"Ndiyooo."

"Aliyekiweka ni mdogo wangu, mnayemjua, aliyewadaka wote. Yeye anaamini alikwenda. Wako watu wengi wanaoamini kama yeye. Alikiweka pale bila ruhusa, na hilo ni kosa, ameliombea radhi. Basi."

Binti wa fundi bomba akanyoosha mkono. "Kwa hiyo alidanganya?"

Funguo aliinua kidevu kidogo, kama anayemsogezea mtu neno.

"Wewe ukisema umemwona paka jikoni na paka hakuwepo, na ulijua hakuwepo, umedanganya," alisema Bi Viti. "Ukisema yupo kwa sababu ndivyo unavyoamini, hujadanganya. Pengine umekosea, pengine hukukosea. Mdogo wangu hajadanganya."

"Bi Viti," alisema Funguo kutoka mlangoni, "tuliagana useme neno moja."

"Uliagana peke yako, mzee wangu. Mimi nilikuwa natazama kiti."

Watu wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Bi Viti alizikusanya zile karatasi za majina, Bethlehemu juu, Mizeituni chini, akazifunga kwa uzi wa cherehani, akazipeleka mezani kwa mchungaji. Mchungaji alizishika, akasema kwamba angependa wazungumze tena, si lazima jambo lifike hapo. Bi Viti akamshukuru kwa heshima. Alisema wakati wake ulishakuwa mrefu, na karatasi zenyewe zinahitaji kuandikwa upya. Wino umefifia Samaria. Hakulia, wala hakuacha kwenda kanisani. Aliendelea kukaa safu ya tatu, mahali pake.

Safari ya Viti ikapewa kiongozi wa kwaya. Mwaka uliofuata watoto walipita vilevile, wakanong'ona Misri na kunywa maji Samaria. Kwa kuwa hakukuwa na wa kuwadaka, mlimani walitandikiwa godoro.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya kusimama mbele ya watoto, Bi Viti alifika karakana mapema. Mziwanda alipoingia, habari zilikuwa zimeshamfikia mara tatu, kila mpashaji ameongeza chumvi yake. Alikuta kochi limesogezwa ukutani. Juu ya benchi imesimamishwa ile fremu ndogo ya kiti cha ngazini, karatasi imebanduliwa, gundi yake bado imeganda kwenye mbao. Na Bi Viti amekaa nyuma ya fremu, kwenye kigoda cha mdogo wake.

"Dada, umekosea upande."

"Sijakosea."

"Wa mbele ni mkubwa. Baba alisema."

"Baba alisema hivyo macho yangu yakiona. Nyuzi za mshazari zinanipotea siku hizi, naona mbili mahali pa moja. Kochi lile nimelisuka kwa kubahatisha, na wewe huko nyuma ukawa unanisahihisha bila kusema. Unadhani sikujua?"

Mziwanda alibaki amesimama, mkoba begani. "Na hiki kiti ni cha nani? Hakuna mteja aliyekileta."

"Mtoto alizama humo mpaka kwapani. Ukiweka kiti, kiwe na kikalio. Hata mgeni usiyeamini kwamba atafika humwekei fremu tupu."

"Utakikalia?"

"Sitakikalia. Mimi viti vyangu vinaishia mlimani, na nilishawaambia watoto hivyo. Usinisumbue."

"Sasa tunakisuka cha nini?"

"Kiweke chumbani kwako, pale chini ya picha ya mtoto wetu. Ukimaliza kukisuka. Maana hiki utakisuka wewe, na kingine baada ya hiki, na vyote vitakavyoletwa humu. Uso wa kazi ni wako kuanzia leo. Macho yakienda kombo, watu watakusema wewe. Mimi watu wamenisema vya kutosha."

Mziwanda aliutua mkoba. Alizunguka benchi, akakaa mbele ya fremu, kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia akiwa kazini, akajiweka sawa mara mbili. Wakatazamana kupitia nafasi tupu ya mbao nne. Utepe ulikuwa tayari kwenye beseni, umeshalegea.

"Anzia tundu la katikati," alisema Bi Viti. "Usiharakishe. Mafundo niachie mimi."